Wazazi na Vijana: Chuo Kikuu cha Mbali na Chuo Kikuu cha Karibu



Mwezi huu tumeletewa suala na mzazi mmoja wa hapa Mpanda, nasi twaona suala hilo si lake peke yake. Kijana wake yuko kidato cha sita, na masomo yake ni mazuri. Amejiwa na mtu anayejiita wakala, akaambiwa kwamba akitoa fedha kadha wa kadha kijana atapatiwa nafasi katika chuo kikuu kikubwa cha Kanada, pamoja na ufadhili wa kila kitu. Mzazi huyu ana ng'ombe wachache na shamba la mpunga. Anatuuliza: huko Kanada kuna nini ambacho hapa kwetu hakuna, na je, auze ng'ombe wake?

Suala la namna hii halijibiwi kwa neno moja. Yatupasa kwanza tujue chuo kikuu kinampa kijana nini, na kinamtaka nini. Mtu anunuaye ng'ombe humtazama meno na kwato kabla hajatoa fedha yake. Sembuse atoaye mwanawe na miaka minne ya umri wake?

Basi tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote katika Kanada. Kilianzishwa mwaka 1827 kwa jina la King's College, kikapewa jina lake la sasa mwaka 1850. Leo kina wanafunzi zaidi ya 90,000 katika matawi matatu.

Jambo la kwanza kinalompa mwanafunzi ni uwanja mpana wa elimu. Uganga, uhandisi, sheria, lugha, hesabu, elimu ya nyota, yote yamo. Tena mwanafunzi aingiaye upande wa sanaa na sayansi hafungwi na fani moja tangu siku ya kwanza: husoma mwaka mzima, akaonja hiki na kile, ndipo akachagua. Kwetu sisi sivyo. Hapa kijana huomba fani iliyotajwa jina, na akikubaliwa ndiyo hiyo. Kila njia ina faida yake, lakini mzazi na aijue tofauti hiyo mapema.

Jambo la pili ni utafiti, yaani kutafuta lile ambalo bado halijajulikana na mtu. Hapa ndipo chuo kikuu kinapotofautiana na shule. Shule hufundisha yaliyokwisha julikana. Chuo kikuu cha utafiti hufundisha hayo, kisha huwaita wanafunzi wake waongeze. Wengi wetu nyumbani tuna ndugu mwenye ugonjwa wa kisukari anayejidunga sindano ya insulini. Dawa hiyo ilipatikana katika chuo hicho cha Toronto. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1921, daktari Frederick Banting aliianza kazi hiyo katika maabara ya Profesa Macleod, na msaidizi wake alikuwa Charles Best, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza digrii yake ya kwanza. Baadaye akaungana nao James Collip, aliyeisafisha dawa ipate kumfaa mwanadamu. Mwezi wa Januari 1922 alidungwa mtoto wa miaka 14, na hali yake ikawa nzuri. Kabla ya hapo, mtoto aliyepatwa na ugonjwa huo alikuwa akingojewa kufa tu. Na haki ya kuitengeneza dawa hiyo waliiuzia chuo chao kwa dola 1 tu kila mmoja. Vijana wetu na waitazame sana habari hii: yule Best hakuwa profesa wala tajiri, alikuwa kijana aliyekuwa karibu na kazi, akaifanya.

Jambo la tatu ni malezi ya chuo. Kijana anaweza kupotea katika watu 90,000. Kwa hivyo wanafunzi wa sanaa na sayansi katika tawi la mjini hugawanywa katika vyuo vidogo saba, kila kimoja kikiwa na watu wake wa kumsikiliza mwanafunzi na kumwongoza. Ziko maktaba zaidi ya 40. Kiko pia kituo cha watu wa dini zote, chenye mahali pa kusalia, na Waislamu huko si wachache. Mzazi anayehofu kwamba mwanawe atakosa hata pa kutandika mswala, na atulie kwa jambo hilo. Baridi yake, lakini, ni jambo jingine.

Hayo ndiyo yanayotolewa. Sasa tutazame bei yake. Mwanafunzi wa kigeni katika digrii ya sanaa na sayansi hutakiwa ada ya zaidi ya dola 60,000 za Kanada kwa mwaka mmoja, nazo ni zaidi ya shilingi milioni 100 za kwetu; hapo hajala wala hajalala. Mwenyeji wa jimbo hilo hulipa kama sehemu moja ya kumi tu ya hizo. Basi hata mzazi akiuza ng'ombe, na shamba, na nyumba, hawezi kumlipia mwanawe mwaka mmoja. Hapana njia kwa mtu wa hali yetu ila ufadhili.

Na ufadhili upo kweli. Chuo hicho kina ufadhili uitwao kwa jina la Lester B. Pearson, aliyekuwa waziri mkuu wa Kanada. Unalipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne yote. Lakini sikilizeni masharti yake. Mwanafunzi hajiombei mwenyewe tu. Lazima ateuliwe na shule yake, na shule moja humteua mwanafunzi mmoja. Awe yuko mwaka wake wa mwisho wa sekondari, au amemaliza karibuni, wala hajaanza chuo kingine. Wanaoupata kila mwaka ni kama 37, kutoka dunia nzima. Na hawatazamwi alama peke yake: hutazamwa mtoto aliwafaa nini wenzake shuleni na mtaani.

Ndugu zetu, hapo jibu la wakala limekwisha patikana. Ikiwa mlango huo unafunguliwa na mwalimu mkuu, wakala anauza kitu gani? Hauzi ila maneno. Mwaka 2023 lilifichuka jambo huko Kanada, kwamba mamia ya vijana kutoka India waliingia nchini kwa barua za vyuo zilizoghushiwa na mawakala, na wengine wao hawakujua kabisa kwamba barua zao ni za uongo mpaka walipotakiwa kurudishwa kwao. Baada ya hapo, tangu Desemba 1, 2023, serikali ya Kanada huviuliza vyuo vyenyewe juu ya kila barua, na mwaka 2024 ikaweka mpaka wa idadi ya wanafunzi wa kigeni. Kwetu nako, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kuvitambua vyuo na vyeti vya nje. Mwenye kutaka kumpeleka mwanawe ng'ambo na aulize huko kabla hajatoa hata senti moja.

Kwa hivyo twamjibu mzazi wetu: usiuze ng'ombe. Nenda kwa mwalimu mkuu wa mwanao, umwulize habari ya kuteuliwa. Akifaa, atateuliwa bila ya wakala. Na asipoteuliwa, ng'ombe wako wangalipo, na mlango wa karibu ungalipo vilevile.

Mlango wa karibu ni upi? Twende taratibu. Reli yetu kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, nayo haikuletwa kwa ajili ya wanafunzi. Ililetwa kwa ajili ya madini ya risasi. Madini yakachukuliwa kwa mabehewa, mgodi ukaja kufungwa, na treni ikabaki kuwachukua watoto wetu kwenda kusoma Tabora, Morogoro na Dar es Salaam. Aliyetaka chuo kikuu ilimpasa kupanda treni hiyo. Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina tawi lake Mpimbwe, katika wilaya ya Mlele, liitwalo kwa jina la Mizengo Pinda, mtu wa mkoa huu aliyekuwa waziri mkuu tangu mwaka 2008 hata 2015.

Chuo cha Sokoine si kigeni katika nchi. Kilianza Morogoro mwaka 1965 kama chuo cha kilimo, mwaka 1969 kikawa sehemu ya chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikasimama chenyewe kuwa chuo kikuu. Na mtu asidhani kwamba utafiti ni wa Toronto tu. Hapo Morogoro, katika viwanja vya chuo hicho, panya buku wamefundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya hao walisaidia kusafisha ardhi ya Msumbiji, na mmoja wao aliyezaliwa Morogoro, aitwaye Magawa, aligundua huko Kambodia mabomu na silaha za kulipuka zaidi ya 100, hata mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu huko Uingereza. Panya tuliyemzoea kwa kumfukuza ghalani, elimu imemfanya mwokozi wa watu.

Katika tawi la Mpimbwe hutolewa digrii ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Wako watakaocheka wakisikia mtoto amekwenda chuo kikuu kusomea nyuki. Sisi tuwafundishao watoto Sura ya Nahli, yaani sura ya 16 iliyopewa jina la mdudu huyo, hatuoni pa kucheka. Mkoa wetu una misitu ya miombo iliyojaa nyuki, na asali ya Inyonga yajulikana mbali. Lakini wangapi kati ya warina asali wetu wajua kuipima unyevu wake, kuitunza nta, kumlinda nyuki na dawa za mashambani, au kuipeleka asali kwenye soko la ng'ambo kwa masharti ya soko hilo? Tumbaku inakula misitu kwa kuni za kukaushia. Nyuki anahitaji msitu usimame. Huo ni utafiti unaomngoja mtoto wetu, na hapana mtu wa Toronto atakayeufanya kwa niaba yake.

Hatusemi kwamba Mpimbwe patosha kwa kila kijana. Tawi hilo ni changa, na masomo yake ni machache. Atakaye uganga au uhandisi itampasa kupanda treni bado. Tunalosema ni kwamba mtoto aliyekuwa akikatazwa kwa sababu chuo ni mbali, khasa mtoto wa kike, sababu hiyo imepungua nguvu. Tumewaona mabinti waliofaulu vizuri, nao wakaambiwa wakae nyumbani wangojee posa kwa kuwa Morogoro ni mbali. Mpimbwe si mbali. Basi baba mwenye binti aliyefaulu na aitafute sababu nyingine, au amwache asome.

Sasa bei ya hapa kwetu. Ada ya digrii ya kwanza katika chuo cha Sokoine haifiki shilingi milioni 2 kwa mwaka. Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Baadhi ya wazazi wa Kiislamu waliuogopa mkopo huo kwa sababu ilikuwa ikiongezwa asilimia 6 kila mwaka juu ya deni, wakaona hiyo ni riba. Na wajue kwamba nyongeza hiyo ilitangazwa kufutwa na Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi, mwaka 2021, na mwaka huo huo ikafutwa pia tozo ya asilimia 10 kwa wanaochelewa kulipa. Kilichobaki katika masharti ya mkopo, mzazi akisome mwenyewe, na panapo shaka amwulize shekhe wake. Lakini asimzuie mtoto kwa habari ya zamani. Mkopo hulipwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara, na mwenye kukopa na anuie kulipa, kwani deni ni deni. Tena tangu mwaka 2022 upo ufadhili wa Serikali uitwao kwa jina la Rais Samia, ambao si mkopo, kwa waliopata alama za juu kabisa za sayansi katika kidato cha sita.

Tumeitaja sayansi, na hapo ndipo tutakapomalizia, kwani hapo ndipo mlango unapofungwa na watu wasijue. Chuo kikuu hakimkatai mtoto siku ile anapoomba. Alikwisha kataliwa siku alipoacha Kemia na Fizikia katika sekondari kwa sababu ni ngumu, wala hapana mtu nyumbani aliyemwuliza. Mtoto anayeweza kuhifadhi juzuu nzima akili anayo. Anachokosa ni saa ya kusoma, taa, na mzazi wa kumwuliza leo umefunzwa nini. Sisi walimu wa madrasa nasi tuna wajibu wetu: kuzipanga saa za chuo chetu zisigombane na saa za masomo yake ya shule, ili mtoto asilazimike kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Basi kila kijana na aandike katika daftari lake masuala haya matano, ayaulize juu ya chuo chochote, cha mbali au cha karibu: Kinafundisha nini ninachokitaka? Kinataka masomo gani na alama gani? Kinagharimu kiasi gani kwa mwaka, pamoja na chakula na malazi? Nani atalipa, na kwa masharti gani? Na nikirudi nayo elimu hiyo, nani hapa kwetu ataifaidi? Atakayeweza kuyajibu yote matano hatadanganywa na wakala, wala hatazuiliwa na umbali.

Wabillahi taufiq.