Kutafuta Kazi Si Kuondoka

Vijana wetu wa Migori na Homa Bay wanaofundisha katika shule za watu binafsi, wanaouza katika kemisti na maduka ya jumla, wana swali moja zito: je, nimwambie bosi kwamba natafuta kazi kwingine?

Wapo wazee wanaojibu upesi kwamba mwaminifu hafichi neno. Nawaheshimu, ila katika hili siwafuati. Anayeomba kazi leo aweza kungoja mwaka mzima asiitwe hata kwenye mahojiano, na mwaka huo wote atakuwa chini ya mtu anayemwona mpita njia. Biashara ikididimia, wa kwanza kupunguzwa atakuwa nani? Ni kweli Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri athibitishe sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Lakini kesi huchukua muda, na mwenye nyumba hangojei hukumu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nyamaza, ndugu yangu, na kazi yako uifanye kwa ukamilifu.

Ukimya huo, hata hivyo, una mwisho, na mwisho wake ni barua. Siku utakapoitia mkononi barua ya ajira yenye sahihi, wa kwanza kujua pale kazini awe bosi, wala si mwenzako wa chai. Kutoka Rongo hadi Homa Bay habari hupanda matatu kama abiria, na mwenye shule akiambiwa na makanga kwamba mwalimu wake wa hesabu anahama, amevunjiwa heshima. Nenda ofisini mwenyewe, umwambie, "Mzee, nimepata pengine," kisha umkabidhi notisi yako. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria yataka siku 28, kwa maandishi. Mkataba wako ukitaka zaidi, ufuate mkataba.

Mwalimu anayengoja kuajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, hana hata cha kuficha, kwa kuwa aliyemwajiri alijua tangu mwanzo. Huyo namsihi akiitwa aseme siku hiyo hiyo. Mtahiniwa wa KCSE anayeachwa muhula wa tatu bila mwalimu wa kemia hakutia sahihi mkataba wowote.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Kifungu cha 51 cha Sheria hiyo ya Ajira kinampa aliyefanya kazi wiki nne au zaidi haki ya hati ya utumishi. Lakini kinasema pia kwamba mwajiri halazimiki kumwandikia sifa za tabia wala za utendaji. Neno jema juu yako ni hiari yake. Nalo ndilo utakaloliomba kila fomu itakapokudai majina ya watu wanaokufahamu.

Nanyi mnaoajiri, sikieni. Kijana anayekuja kukuaga kwa barua usimzuilie mshahara wa siku alizofanya, wala usimwite msaliti mbele ya wenzake. Wanaobaki wanakutazama. Ukimtusi huyu, atakayemfuata hatakuaga: utafika Jumatatu asubuhi ukute funguo zako kwa mlinzi.