Kinu Kirudishwe Mlingotini

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya kinu chetu cha upepo, ambacho sasa kimelala nyuma ya karakana. Wako wasemao kisipandishwe tena. Mimi nasema kipandishwe, lakini kwa masharti.

Yaliyotokea yajulikana. Tulijenga kinu kwa rimu ya baiskeli, mapanga ya bomba la plastiki na mota kuukuu ya sumaku, tukakiunga na betri ya motokaa ya volti 12. Taa tatu zikawaka, tukapigiwa makofi. Usiku mmoja upepo ukavuma sana, betri ikaanza kuchemka. Mvulana wa kidato cha pili, kwa nia njema, akauchomoa waya. Kinu kikashikwa na wazimu, panga moja likakatika na kutoboa bati la bweni. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Tangu siku ile kijana yule huitwa "Mvunja Kinu".

Hiyo si haki. Kosa ni letu sisi wakubwa. Tulijifunza kuzalisha umeme, hatukujifunza kuutawala. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nane. Betri kama ile ikizidi kujazwa, maji yake hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo yaweza kulipuka. Tena kinu huenda kwa adabu kwa sababu umeme unaochukuliwa huizuia mota. Ukikata waya, breki imeondoka. Kwa hiyo umeme wa ziada haukatwi, bali huelekezwa pengine, kwa mfano kwenye waya wa kupashia maji moto. Kijana yule hakuambiwa, maana nasi hatukujua.

Mtazameni William Kamkwamba wa Malawi. Aliacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya miaka 2001 na 2002, akasoma vitabu vya maktaba, akajenga kinu kwa vyuma chakavu na dinamo ya baiskeli. Mwaka 2007 alisimama Arusha mbele ya mkutano mkubwa kueleza kazi yake. Wengi husifu mlingoti wake. Mimi namsifu zaidi kwa kitu kidogo: alipoona kwamba nyaya zaweza kuunguza nyumba, alitengeneza kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku.

Basi masharti yangu ni haya. Iwekwe fyuzi karibu na betri. Iwekwe diodi, ili upepo ukitulia betri isiizungushe mota. Kiwepo kidhibiti cha kupeleka umeme wa ziada kwenye maji. Betri ikae nje ya bweni, penye hewa. Na kila jioni mtu wa zamu apime volti na kuandika daftarini.

Kaka zetu wa zamani, msituchangie fedha za kinu kikubwa zaidi. Tuleteeni mita na kidhibiti.

Na daftari hilo apewe kwanza kijana wa kidato cha pili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mlinzi wa namna hiyo ndiye tunayemtaka. Jina lile baya tuliache leo.