DAMU YA MAMA NA HAKI YA KUJUA



Mwili uingiwapo na virusi vya UKIMWI hutengeneza kingamwili. Kinga hizo hazitoshi kuvishinda virusi hivyo, lakini hubaki katika damu kama nyayo njiani. Wapimaji wakizitafuta katika damu ya watu wengi, hujua ugonjwa umeenea wapi na kwa kiasi gani, hata kabla wagonjwa hawajaonekana.

Nchini Kenya kazi hiyo ilianza mwaka 1990 katika kliniki za wajawazito zilizoteuliwa. Mama alitolewa damu ili apimwe kaswende. Iliyosalia iliondolewa jina, kisha ikapimwa virusi. Taifa lilipata hesabu yake, mama hakupata jibu. Hata aliyetaka kumjulisha hakuweza, maana jina halikuwapo tena.

Tusiwahukumu upesi waliopanga hivyo. Dawa za kufaa hazikuwapo, unyanyapaa ulikuwa mkali, na kuficha jina kulimlinda mama. Lakini mwaka 1999 utafiti uliofanyika Uganda ulionyesha kwamba nevirapini, dawa ya bei nafuu, hupunguza maambukizo ya mama kwa mtoto. Tangu hapo ukimya uliweza kumgharimu mtoto uhai wake.

Hesabu yenyewe nayo ilikuwa na upungufu, kwa kuwa kliniki hazikuwaona wanaume wala wanawake wasio na mimba. Uchunguzi wa majumbani wa mwaka 2003 ulikuta virusi kwa asilimia 6.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49: wanawake 8.7, wanaume 4.6. Majibu hayakutolewa, ila washiriki walielekezwa kwenye upimaji wa bure. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 kwa watu wa miaka 15 hadi 64, na safari hii washiriki walipewa majibu yao.

Basi hesabu ya taifa na haki ya mtu havipingani. Ninyi viongozi wa walei, wapimaji wa ugonjwa wowote wakifika kwenu, wapokeeni, tena waulizeni: Damu hii ni ya kazi gani? Nani ataitunza? Je, jibu litamrudia mwenyewe, kwa siri? Anayekataa, atahudumiwa sawa na wengine?

Aliyetoa damu kwa faida ya wote asiwe wa mwisho kujua kilichomo ndani yake.