Rupia ya 1911 na Mkonga wa Ndovu

Reli ilipofika ufukoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu, fedha iliyotumika huko ilikuwa rupia ya Bara Hindi. Kwa rupia walilipwa vibarua wa reli, kwa rupia ilitozwa kodi ya nyumba, na kwa rupia walilipwa vijana wa Nyanza waliochukua mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikawekwa florini, na mwaka uliofuata florini nayo ikaipisha shilingi. Basi si ajabu mkulima wa Kano au Seme, achimbapo msingi wa nyumba katika boma la babu yake, akikuta fedha nyeusi zenye sura ya mfalme.

Fedha hizo hazina kazi dukani, ila zina watafutaji wake, yaani watu wapendao kukusanya sarafu za kale. Nao aghalabu hununua tarehe kuliko madini. Rupia mbili huweza kuwa na uzito mmoja na sura moja, hata hivyo moja ikauzwa kwa bei ya fedha iliyomo tu, na ya pili ikauzwa kwa bei kubwa, kwa sababu ya tarakimu moja. Hapo ndipo mdanganyifu apatapo kazi.

Itazamwe rupia ya 1911, ya kwanza yenye sura ya Mfalme George wa Tano. Mfalme amevaa joho, na katika joho mna ndovu mdogo sana. Mchongaji alimpa ndovu yule mkonga mfupi na miguu minene, hata watu wa Bara Hindi wakasema kuwa ni nguruwe. Waislamu walichukizwa mno. Serikali ikazizuia rupia zilizokuwa hazijatolewa, ikaziyeyusha, na kuanzia 1912 ndovu akachongwa upya, mkonga wake ukawa mrefu na masikio yakaonekana vema. Kwa hiyo rupia za 1911 ni haba, na za miaka iliyofuata ni tele.

Mtu mwenye tupa nyembamba na subira aweza kuishika rupia ya 1912, akaikwangua tarakimu ya mwisho mpaka 2 igeuke kuwa 1. Kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi, jicho tupu halitambui. Lakini tarehe iko upande mmoja wa sarafu na ndovu yuko upande wa pili, wala tupa haiwezi kuufupisha mkonga bila kuliharibu joho. Mnunuzi asikimbilie tarehe; aanze kwa ndovu.

Kisha ndipo aitazame tarehe yenyewe kwa kioo cha kukuzia, taa ikiwa ubavuni, si juu. Palipokwanguliwa huwa pamebonyea kidogo, tena rangi yake hailingani na weusi wa sarafu nzima. Tarakimu iliyobandikwa kwa risasi huonyesha ufa mwembamba shinani mwake. Na sarafu iliyomiminwa yote katika kalibu mara nyingi huwa na vitundu vidogo usoni, na mshono ukingoni.

Mizani ya sonara nayo ni shahidi mwema. Rupia ina gramu 11.66, na florini ya 1920 vivyo hivyo. Shilingi ya 1921 ina gramu 7.78 tu, na fedha safi iliyomo ni robo, hali florini ina nusu. Anayeibadili shilingi ya 1921 iwe ya 1920 amejisumbua bure, kwani uzito na jina la fedha lililoandikwa humo vyote vitamkana.

Ziko pia tarehe zisizosema kweli, wala hakuna aliyedanganya. Reale ya Maria Theresa, iliyojulikana sana pwani, huandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa katika karne ya ishirini. Rupia nyingi za Malkia Victoria zenye 1862 zilipigwa baada ya mwaka huo, na wajuzi huhesabu vitone vidogo ili kuzitenga. Tena wako wauzao senti kumi za 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane kana kwamba ni hazina, eti kwa kuwa alijiuzulu mwaka huohuo. Senti hizo zilipigwa kwa mamilioni.

Mwenye boma asizisugue fedha zake kwa majivu na ndimu, ingawa mama zetu walisafisha sufuria hivyo na zikang'aa. Msuguo huo hupunguza bei, na zaidi ya hayo hufuta ule weusi ambao ungeonyesha kwamba tarehe haikuguswa. Maana hila haiko kwa muuzaji peke yake. Mchuuzi aweza kufika bomani, akaigeuza rupia halali ya 1911 mkononi, akatikisa kichwa na kusema tarehe imechongwa, naye atoe bei ya madini. Mzee akimwomba ageuze upande wa pili, amwonyeshe ndovu yule mwenye mkonga mfupi, mazungumzo ya bei yataanza upya.