Swichi ya Milioni na Ushee, Besi Ile Ile: Kaka wa Capripoint Anavyowapiga Vijana wa Mwanza Mchana Kweupe

Wadau, wapenda muziki wa Rock City mnapigwa, na mbaya zaidi mnapigwa huku mnasema asante.

Pale Capripoint kuna kaka mmoja, jina kapuni. Zamani alikuwa anafunga mziki kwenye maharusi, kazi ya heshima kabisa. Siku hizi anajiita daktari wa sauti. Ukurasa wake umejaa machweo ya ziwa na Jiwe la Bismarck, spika ndefu za mbao, glasi ya juisi kwenye kona ya picha, na sentensi moja anayoirudia kama dalali wa mnada: "Muziki wako unaumwa, hujui tu." Dawa anayouza ni kiboksi cheusi chenye matundu manane ya waya. Swichi ya mtandao. Bei shilingi 1,450,000.

Kwa ambaye hajawahi kuijali, swichi ni kale kadude ka kugawa intaneti. Waya mmoja unaingia kutoka kwenye ruta, nyaya nyingine zinatoka kwenda kwenye tivii, kompyuta na kifaa cha kustrimu muziki. Ya kawaida unaipata kwenye maduka ya kompyuta mjini kwa elfu arobaini hivi, na muuzaji anakurushia kwenye mfuko wa nailoni. Ya daktari inafanya kazi ile ile, ila ina bodi nzito ya aluminiamu na maelezo marefu. Eti inasafisha muziki kabla haujafika kwenye spika. Eti besi inakaza, mwimbaji anasogea mbele, na kati ya gitaa na ngoma panakuwa na "hewa".

Kusema kweli hii kamba hajaisuka yeye. Ni biashara ya dunia nzima. Kuna swichi ya Marekani inaitwa EtherREGEN, ilitoka 2019 ikiuzwa dola 640, na zipo nyingine za dola elfu kadhaa. Wanaozinunua huko wengi ni wazee waliomaliza kulipia nyumba, watoto wameshaondoka, hela imekaa tu. Mshua akiamua kununua raha yake kwa hela yake, hakuna wa kumuuliza. Cha kuuliza ni hii: Mwanza anauziwa nani?

Anauziwa kijana wa Buzuruga. Naye jina kapuni, maana ameshaaibika vya kutosha. Ana chumba kimoja cha bati ambacho amekigeuza studio. Madogo wa Igoma, Nyakato na Mabatini wanakwenda pale kurekodi kwa elfu ishirini, elfu thelathini, wakiamini siku moja watatoka kama Fid Q alivyotoka Mwanza akaisikilizisha nchi nzima. Ana spika mbili za kuchanganyia muziki alizozinunua kwa kudunduliza mwaka mzima. Tatizo lake lilikuwa la kweli: spika zilikuwa zinaunguruma. Kila akiwasha, mmmmm, hata bila wimbo. Akamwandikia daktari.

Daktari alimjibu kwa upole, kama kaka mkubwa. "Mdogo wangu, hiyo ni kelele ya mtandao. Swichi yako ya kichina inachafua kila kitu. Njoo sebuleni kwangu usikie."

Akaenda. Akawekewa wimbo, kwanza na swichi ya kawaida, halafu na kiboksi cheusi. Kweli bwana, ule wa pili ulikuwa mtamu. Kijana akatoka pale macho yanang'aa, akakopa kwa wale jamaa wa kausha damu na kulipa yote kwa mkupuo. Dhamana ikawa spika zake mbili.

Sasa turudi hatua moja, kwenye kile kinachopita ndani ya ule waya. Wimbo unaoustrimu hausafiri kama sauti, unasafiri kama namba. Namba zinafungwa kwenye vifurushi vidogo vidogo, na kila kifurushi kina hesabu yake ya ukaguzi, kama gunia la dagaa linalotoka Mwaloni Kirumba likiwa limeandikwa uzito. Likifika kule linapimwa. Uzito ukigoma, gunia linatupwa na linaombwa lingine. Kompyuta inafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, bila kulalamika. Kwa hiyo namba ama zinafika kama zilivyotumwa, ama hazifiki. Hakuna namba inayofika "imechafuka kidogo" au "imepungukiwa hewa".

Na mtandao ukiwa mbovu kila mtu wa Mwanza anajua inakuwaje. Wimbo unakata. Kile kiduara kinazunguka. Hujawahi kuona bando likikaribia kuisha wimbo ukapungua besi peke yake.

Hizo swichi za elfu arobaini, na ndugu zake wakubwa, ndizo zinazobeba mishahara, ada za watoto na miamala ya simu ya nchi nzima. Kama swichi ya kawaida ingekuwa inachubua namba, ungemtumia mama elfu hamsini Sengerema, yeye akapokea arobaini na nane na mia tatu. Watu wangeandamana. Lakini eti namba za pesa zinapita salama, namba za Bongo Fleva ndo zinajeruhiwa!

Fikiria tena safari yenyewe. Wimbo unaweza kutoka kwenye seva iliyoko Ulaya, ukaingia baharini kwenye mkongo kama SEACOM, uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, au EASSy uliofuata 2010. Kutoka Dar unakatiza nchi zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Mwanza, ukipita kwenye swichi na ruta za makampuni ambazo hakuna aliyezipaka dhahabu. Baada ya safari yote hiyo, mita moja ya mwisho nyuma ya kabati la tivii ndiyo inayoponya muziki? Ni sawa na kutandika zulia mlangoni ukaamini barabara yote uliyopita ilikuwa lami.

Kuna jaribio ambalo halina gharama hata shilingi. Cheza wimbo kwenye kifaa kilichounganishwa kwa waya, ukishachanganya, chomoa waya wa mtandao. Mara nyingi wimbo utaendelea kwa sekunde kadhaa, pengine mpaka mwisho, kwa sababu kifaa kilishavuta namba na kuziweka kwenye kumbukumbu yake kabla. Muda huo swichi haipo kabisa, umeichomoa. Sasa sikiliza: besi imekimbia? Hewa imetoka? Kama sauti ni ile ile bila swichi, ile milioni na nusu ilikuwa inasafisha nini?

Hata wapimaji wamepita huko. Tovuti ya Marekani iitwayo Audio Science Review, inayopima vifaa vya muziki kwa mashine badala ya ushairi, iliichukua hiyo hiyo EtherREGEN na kupima sauti inayotoka upande wa pili. Haikuonyesha uboreshaji wowote.

Ila yule kijana si alisikia tofauti kwa masikio yake? Alisikia. Na hapo ndo penye utamu wa mchongo wenyewe. Dada yake, ambaye ni fundi mtandao na kila siku anapanda nguzo kufungia watu intaneti, alimuuliza swali moja: "Mara ya kwanza alikuchezea kutoka wapi?" Kijana akakumbuka. Mara ya kwanza ilikuwa simu kwa Bluetooth. Mara ya pili ilikuwa waya. Mara ya kwanza programu ilikuwa kwenye kubana matumizi ya data, mara ya pili ikapandishwa. Kwenye Spotify pekee, ubora wa kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde na ule wa juu kabisa wa kawaida ni 320. Hiyo tofauti inasikika, na kuibadilisha ni kubonyeza mara tatu kwenye mipangilio. Halafu kuna sauti kupandishwa kidogo tu. Sikio la binadamu likisikia kitu kimeongezeka nguvu kidogo halisemi "kimepanda", linasema "ni kizuri zaidi". Wauza redio wanajua hilo tangu enzi.

Dada mtu aliingia kwenye kundi la WhatsApp la daktari akaandika kwa adabu zote: "Shikamoo kaka, samahani, naomba jaribio moja. Swichi mbili nyuma ya pazia, wimbo mmoja, sauti sawa, mtu mwingine abadilishe mara kumi, wewe utaje ipi ni ipi." Chawa wakamrukia. Mmoja akamwambia wanawake wana masikio ya kuimbia taarabu, sijui ndo nini. Daktari mwenyewe akajibu kwa mstari mmoja: "Mdogo wangu, masikio yako bado hayajafunguka." Dakika mbili baadaye dada akatolewa kwenye kundi.

Huo ndo mtego unaouma kuliko bei. Ukisikia tofauti, wewe ni mjanja wa mjini. Usiposikia, tatizo si kifaa, tatizo ni wewe: mshamba, masikio ya kijijini, uliyezoea redio ya mbao. Nani kwenye sebule ya Capripoint, mbele ya watu wenye funguo za gari mezani, atasema "samahani, sijasikia kitu"? Watu hawalipii sauti pale. Wanalipia kutoaibika. Mji huu umelelewa na Radio Free Africa, watu wamejifunza kupenda muziki kwenye redio za betri wakisubiri gari, halafu leo anatokea mtu kuwaambia hawajui kusikiliza.

Nyumbani Buzuruga jaribio lilifanyika. Pazia likawa kanga, mbadilishaji akawa mdogo wao wa darasa la saba. Mara kumi. Kijana, mwenye kifaa chake na deni lake, aliyetaka kwa moyo wote kusikia tofauti, alipatia nne. Akaomba kurudia. Akapatia sita. Ungerusha sarafu ungepata hizo hizo.

Na ule muungurumo ulikuwa bado upo. Mmmmm. Dada hakugusa mtandao kabisa, akamwita fundi umeme wa mtaani. Ikaonekana soketi ya chumba kile haina waya wa ethi, imefungwa nyaya mbili tu, kama nyumba nyingi za kupanga. Umeme wetu unapiga mawimbi 50 kwa sekunde, na ethi isipokuwepo hayo mawimbi yanatafuta njia ya kupita kwenye spika. Nondo ya ethi, waya na ufundi, havikufika elfu themanini. Ukimya ulioingia chumbani siku ile, kijana alidhani spika zimeungua.

Haki itendeke: swichi inaweza kuwa mbovu kweli. Ikifa tundu, wimbo unakatakata, unabadilisha kwa nyingine ya elfu arobaini, biashara imeisha. Na waya wa mtandao wenye ganda la chuma unaweza kupitisha muungurumo wa umeme kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Dawa yake ni kununua ule wa plastiki mtupu, bei ya chipsi kuku. Zaidi ya hapo, hela ya sauti ina kazi nyingine. Sebule za Isamilo zina tailizi chini, vioo vikubwa vinavyotazama ziwa na jipsamu juu. Sauti inadunda humo kama mpira. Zulia na mapazia mazito vitabadilisha zaidi kuliko kiboksi chochote. Wa vyumba vya bati, godoro kuukuu ukutani linasaidia. Trei za mayai ni urembo tu, haziongezi kitu cha maana. Na mvua ikinyesha juu ya bati, pumzika, kalale.

Watu wamemtetea daktari kwamba na yeye anatafuta riziki. Sawa, kila mtu Mwanza anatafuta. Muuza sato akikuuzia samaki aliyeoza, naye anatafuta riziki? Huyu kaka si mjinga. Amefunga mziki miaka mingi, muungurumo wa ethi anaujua kuliko mtu yeyote kwenye kundi lile. Kijana alipoelezea ule mlio, alijua ni umeme. Angemwambia "tafuta fundi, chimbia nondo", angempoteza mteja na kumpata mdogo. Akachagua.

Kijana aliporudisha kiboksi aliambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Akajaribu kukiuza kwa laki tatu, hakuna aliyetaka. Huko nje ya kundi ni swichi tu. Kausha damu walikuja Jumamosi asubuhi, wakabeba spika zote mbili. Madogo watatu waliokuwa wameshalipia kurekodi wanamdai. Chumba sasa kina umeme safi, ethi nzuri, swichi ya aluminiamu ya milioni na ushee, na hakuna cha kutolea sauti.

Kwenye kundi la daktari wiki hii kuna mzigo mpya: vibao vya mbao vya kuinulia waya usiguse sakafu, ili muziki usipate baridi ya tailizi. Bei, kama kawaida, njoo inboksi.