Penzi Halikuchoma Karatasi

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne wa Igamba, wilayani Mbozi, kazi ya Ngoswe, karani wa sensa katika tamthiliya ya Edwin Semzaba, iliharibiwa na nini. Jibu limo daftarini, chini ya dhamira: mapenzi na ulevi kazini. Semzaba mwenyewe aliiita tamthiliya hiyo Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe.

Lakini karatasi za sensa zilichomwa na Ngengemkeni Mitomingi, baba aliyeghadhibika kwa kutoroshewa binti yake, Mazoea. Ngoswe ana lawama zake: alitumwa na serikali kuhesabu watu, akazama kwenye penzi. Ila Mazoea alikuwa ameshaposwa, na hapakuwa na baraza la kusemea anamtaka nani. Kutoroka ndiko kulikobaki.

Euphrase Kezilahabi alishatuonyesha hayo katika riwaya ya Rosa Mistika, mwaka 1971. Rosa anajiua baada ya mchumba kumkataa, na wengi wamemsoma kama onyo kwa wasichana. Zisome tena kurasa za mwanzo, kule Ukerewe: Zakaria anamcharaza binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa alilelewa kuwaogopa wanaume. Alipotoka mikononi mwa baba hakujua amwamini yupi. Mwaka huohuo riwaya ilipotoka, Sheria ya Ndoa ya Tanzania iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya baba. Vifungu vilivyoruhusu hilo vilikuja kukataliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019.

Nje ya vitabu tunaeleza vivyo hivyo. Mume kamuua mkewe, habari inamalizia: chanzo ni wivu wa mapenzi. Hatuambiwi kama marehemu alishawahi kushtaki, kama wazazi walimrudisha wakimwambia avumilie ndoa, wala fedha za kahawa zilipotoka chama cha msingi ziliingia mkononi mwa nani.

Wapo watakaosema maelezo hayo yanamtafutia muuaji kisingizio. Kisingizio chake kikubwa ni penzi lenyewe, linalomfanya aonekane aliyezidiwa na moyo wakati aliamua. Kuwataja waliomzunguka hakumpunguzii kosa. Kunatuonyesha waliokuwa na nafasi ya kumzuia. Mwalimu wa fasihi anaweza kuanza kwa kuongeza swali moja chini ya orodha ya dhamira: kabla mambo hayajaharibika, nani alijua, na alifanya nini?