Kamera Itoke Kabatini

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mimi naona yapo mambo ambayo hata mwenye macho hayaoni.

Muhula uliopita, mwenzetu wa kidato cha tatu aliangusha ufito mara tatu katika kuruka juu. Sote tukampigia kelele, "Ni visigino! Inua miguu!" Alisumbuliwa hivyo kila jioni mpaka akataka kuacha mchezo. Ndipo mwalimu wa fizikia akaja uwanjani na kamera yake. Jua lilipozama nyuma ya Mau na giza kuingia, akampiga picha kwa taa ya kamera, yaani flashi. Kumbe! Visigino vilikuwa mbali kabisa. Ufito uliguswa na makalio, kwa maana alikuwa akiinua kichwa mapema mno na kiuno kinashuka.

Siri yenyewe ni hii. Anayekimbia mita 100 kwa sekunde 12 huenda zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kamera ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, amekwisha kusogea kama sentimita 14, na picha inatoka kama moshi. Lakini flashi ikipunguzwa nguvu yaweza kuwaka kwa 1/10,000 ya sekunde tu, naye hasogei hata milimita moja. Gizani, mwako huo peke yake ndio unaochora picha. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton, mhandisi wa MIT huko Marekani, alitumia taa za namna hiyo kuonyesha mikono ya wacheza gofu na tenisi hatua kwa hatua.

Wengine watasema eti Wakenya wameshinda bila kamera. Ni kweli. Lakini Paul Tergat, mzaliwa wa Baringo, aliikosa dhahabu ya mita 10,000 kule Sydney mwaka 2000 kwa sekunde 0.09. Jamani, pengo kama hilo litazibwa kwa makelele?

Shule yetu inayo kamera, ila hulala kabatini ikingoja siku ya zawadi. Maoni yangu ni kwamba itolewe jioni moja kila wiki, tena mazoezini tu, kwani siku ya mashindano mwako wa ghafla unaweza kumpoteza mrukaji.

Yule mwenzetu hakuwa mvivu. Sisi ndio hatukumwona. Basi kabla ya kumlaumu mwingine, tumtazame kwanza.